Shayiri Kwenye Kidimbwi cha Mgombea

Jumatatu, 9 Juni 2025
Wueh! Nimetoka Oakdale nimeduwaa. Kidimbwi cha bustani ya Gilbert kinaonekana hadi chini! Changu hapa Brooklyn Center ni kijani tupu, hata samaki wa mke wangu Philister hawaonekani. Na Jumapili wazee wa kanisa wanakuja kwetu kula, wapime kama nafaa kuwa mzee mwenzao. Kwa Gilbert, mpinzani wangu, walikula jana. Nimemuuliza siri. Eti ni mabua makavu ya shayiri tu, aliyatumbukiza tangu Aprili, yanaoza polepole na kuzuia ule ukijani. Tangu Aprili! Mimi nina wiki moja.

Jumanne, 10 Juni
Nimepata! Kama mabua yanafanya hivyo, punje je? Nimeenda Saint Paul, nikarudi na gunia la kimea cha shayiri. Muuzaji aliuliza kama ni mara yangu ya kwanza kupika. Nikamwambia shayiri ni ya kidimbwi. Alinikodolea macho! Ili ioze haraka nimeongeza sukari, na hamira yote ya mandazi. Philister yuko kazini.

Alhamisi, 12 Juni
Povu! Kidimbwi kinatokota bila moto. Dawa inafanya kazi! Philister amekuta samaki wake wakiogelea kiubavu. Amewahamishia bafuni.

Jumapili, 15 Juni
Haki! Mchungaji Bagalwa alishuka garini, akavuta pumzi, akasimama. Mzee Kiprop akasema harufu hiyo anaijua, ni busaa, ile pombe ya wimbi. Busaa! Kwangu! Mimi mwenyekiti wa kamati ya kupinga pombe! Nikaapa ni dawa ya maji. Mchungaji akaenda kunawa mikono, akarudi mbio akiuliza kwa nini kuna samaki kwenye beseni la kuogea. Philister akamjibu, bila hata kunitazama, kwamba walilewa, sasa wanapumzika. Chakula hakikuguswa. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 16 Juni
Wamemchagua Gilbert. Nimelia gerejini, uchungu ulioje! Philister ameapa samaki hawatoki bafuni mpaka mimi nitoke bustanini. Lakini nimefikiri kwa makini, nimeona nilipokosea. Shayiri si nafaka yetu. Agosti wanachagua mashemasi, na kwa wagombea ushemasi pia wazee watakuja kula.

Nimeshaloweka wimbi.