Kidole Gumba cha Kemboi, Kilichovusha Maziwa hadi Unguja

Sogeeni, enyi watu wa Njoro na Kiamunyi, nanyi wa Rhonda na Section 58 mnaodhani kwamba mambo makuu hutendeka ng'ambo tu. Wekeni vikombe chini, zimeni redio, niwasimulie habari za Kemboi arap Kosgei, mkamuaji wa ng'ombe thelathini, simba wa zizi, mwenye viganja vipana, aliyepaa hewani na kuvuka bahari mwaka wa 1957 huku amekumbatia kibuyu. Atakayecheka na acheke, lakini asiondoke kabla sijamaliza.

Chanzo cha vita kilikuwa barua. Dada yake Chepngeno aliolewa na askari polisi aliyehamishiwa Unguja, na huko akajifungua mtoto wa kwanza. Shemeji aliandika kwamba mzazi anakonda: wali hautaki, samaki hamtaki, na akiulizwa atakula nini hujibu neno moja tu, mursik, yale maziwa ya kibuyu yaliyolala na mkaa. Mama yao Cheptanui, malkia wa vibuyu vyote vya upande ule, hakupoteza muda kulia. Alichoma vijiti vya mti wa senetwet, akasugua kibuyu ndani kwa makaa yake, akajaza maziwa hadi shingoni, akakaza kifuniko cha ngozi, kisha akamtangazia mwanawe sheria ya nyumba yake: maziwa ya mzazi hufunguliwa na mzazi mwenyewe. Mkono mwingine ukitangulia, hayo ni makombo, na yeye hakuzaa binti ili ale makombo.

"Usipomfikishia hivyo," akasema, "usiniletee habari yoyote."

Sasa, mkamuaji angepaaje? Mwenye shamba, mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Pua kwa sababu alinusa kila kitu kabla ya kukiamini, alikuwa na ndege ya viti viwili, na wiki ile alikuwa anakwenda Mombasa kuvua samaki. Mwezi uliotangulia Kemboi alikuwa amemvuta ndama aliyekwama tumboni mwa ng'ombe bora wa Bwana huyo, wakapona wote wawili. Akaomba kiti cha nyuma. Bwana Pua akainusa shingo ya kibuyu, akafikiri, akatoa hukumu kwa Kiswahili chake cha shamba: "Hiyo maziwa toka kidogo, mimi tupa wewe Voi."

Basi ndege ikapiga mbio, ikaliacha Ziwa Nakuru chini, na juu ya mlima Longonot adui akaamka. Cheptanui katika fahari yake alikuwa amejaza maziwa mabichi jioni iliyotangulia, na ukoo mzima haukujua kwamba maziwa yanayochacha yana hasira zaidi yakipandishwa mbinguni. Nyumbani kibuyu hukaa pembeni jikoni, hakiruki. Kifuniko kikajitutumua. Kemboi akakishindilia kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kidole kilichowahi kunyamazisha chuchu za ng'ombe wakaidi, na vita vikaanza baina ya mtu na maziwa, bila mapatano. Kutoka pembeni mwa ngozi pumzi moja ikaponyoka, chungu, yenye moshi.

Bwana Pua akanusa mara mbili, akageuka na kuuliza ni harufu gani ile. Hapo, enyi wasikilizaji, mashujaa wengi wangeanguka. Kemboi alimkumbuka dada yake, akaitupa heshima yake dirishani.

"Ni mimi, Bwana," akasema. "Ni maharagwe ya jana."

Bwana Pua akafungua kioo, akaitoa pua nje hadi Mombasa.

Melini mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa maana joto la pwani liliyachochea maziwa nayo mawimbi yakamchochea Kemboi. Alitapika kwa adabu, kichwa kushoto, kibuyu kulia. Bibi mmoja wa Kipemba alipomwona anashika mkate kwa mkono wa kushoto alimkaripia, Kemboi akaomba radhi na kumweleza yaliyomsibu. Bibi akakitazama kidole, akaumega mkate na kumlisha kama mtoto hadi Unguja.

Huko forodhani alisimama karani mwenye kofia nyekundu, mlinzi wa lango la kisiwa. Akaamuru kibuyu kifunguliwe, likiwa ni tembo la mnazi limwagwe papo hapo, na akanyoosha mkono. Nyuma ya kamba Kemboi alimwona Chepngeno, mashavu yamebonyea, mtoto kifuani. Akasema mbele ya abiria wote:

"Mzee, nimetoka Njoro. Nimepita juu ya mlima na juu ya maji ambayo baba yangu hakuyaona. Kidole hiki sijakiondoa hapa tangu jana. Mwenye kufungua ni yule mama pale. Mwite afungue, na ikiwa ni pombe, nifunge mimi."

Karani alikiangalia kile kidole, kimevimba na kubadilika rangi, akainua kamba. Chepngeno akaja. Mikono ya kaka yake ilikuwa vitani, kwa hiyo akamkabidhi karani mtoto. Akashika kifuniko. Kemboi akaondoa kidole.

Maziwa yalipanda juu, yakashuka juu ya kofia nyekundu, juu ya mihuri na daftari la Serikali. Nusu nzima ikapotea. Chepngeno hakungoja kikombe. Aliinamisha kibuyu akanywa, akapumua, akanywa tena, akajifuta mdomo huku analia.

"Mama ametia mkaa mwingi," akasema. Kisha akamwuliza kaka yake kama kuna mkate uliobaki, kwa sababu sasa anasikia njaa.

Karani alilamba masharubu, akatafakari, akaandika daftarini kwamba hayana kileo. Mtoto alipoanza kulia mikononi mwake, Kemboi akamchukua na, kwa kuwa kidole kilikataa kunyooka, akamtia hicho kinywani vivyo hivyo. Mtoto akakunja uso, akafikiri kidogo, akanyonya.

Kemboi alirudi kwa meli na gari moshi, kibuyu kitupu mapajani. Cheptanui alimpokea mlangoni, akakigeuza kibuyu, akakinusa, akauliza ni nani aliyekifungua.

"Chepngeno," Kemboi akajibu.

Mama akamvutia kigoda. "Basi keti," akasema. "Sasa nipe habari."