Mvumo wa Sikio la Kushoto

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimegundua jambo litakalotikisa muziki wa roki ya majaribio. Nilikuwa sebuleni, miguu juu ya meza (mke wangu alikuwa ametoka), nikisikiliza Ngazi Bila Nyumba, albamu ya tatu ya bendi ya Kiwanda cha Ukungu. Wimbo mmoja upande wa kwanza wa santuri, wimbo mmoja upande wa pili. Hakuna kiitikio. Hakuna mahali pa kupiga makofi. Wapenzi wengi wa bendi hii huikimbia, wanaipenda ile ya pili, yenye nyimbo fupi za kuoshea vyombo. Siwalaumu. Nawahurumia tu.

Sasa basi. Pale ngoma zinaponyamaza, chini kabisa ya kinanda, kuna mvumo. Mwembamba. Hauachi. Uko upande wa kushoto. Miaka nenda miaka rudi nimeisikiliza albamu hii na sijawahi kuusikia. Masikio yangu yamekomaa.

Nikampigia shemeji, kaka yake mke wangu. Yeye hupiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi, basi anajiona ndiye mwenye muziki wake. Akasikiliza nakala yake, akanipigia. Anasema hakuna mvumo wowote. Pia anasema albamu ya pili ndiyo bora. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Jumanne, 3 Juni

Kazini, duka la rangi. Mteja alitaka nyeupe. Nilikuwa nawaza mvumo, nikamchanganyia kitu kinachokaribia waridi. Bosi amesema maneno.

Nikamtumia Mtangazaji ujumbe wa sauti. Huyu ndiye mwenye kipindi cha Jumamosi alasiri kinachopiga albamu nzima bila kukatizwa. Anatafuta msikilizaji wa kukaa naye studio kila wiki kuchambua. Kiti kile ni changu, ni yeye tu bado hajajua. Nikamweleza mvumo kwa kirefu. Nikasema ndio uti wa mgongo wa albamu, na asiyeusikia arudi kwenye nyimbo za matangazo ya sabuni.

Kanijibu haraka, kafurahi. Kumbe shemeji naye kamtumia ujumbe, akisema mvumo haupo. Sote tumealikwa Jumamosi, hewani, tubishane. Mke wangu amekwisha waambia majirani wote. Nilimwomba asiwaambie, kwa namna ya kumkumbusha.

Jumatano, 4 Juni

Mazoezi. Nimegeuza kiti, spika ya kushoto ikawa kulia kwangu. Mvumo bado uko kushoto. Unanifuata! Waliufanyaje? Nimegeuza kiti tena, nikatazama ukuta. Kushoto. Nimevua kofia kwa heshima.

Kisha nikaweka albamu ya Samaki wa Chuma, bendi nyingine kabisa, watu wa kelele za mabati. Mvumo ule ule. Wezi hawa! Nikaanza kupanga maneno ya kuwaumbua Jumamosi.

Mchana Bosi alinifokea kuhusu ile rangi ya waridi. Nyuma ya sauti yake, mvumo. Nikajiambia ni mashine ya kuchanganyia. Nikaizima. Bosi akanyamaza kushangaa. Duka likawa kimya.

Mvumo.

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Haikuwa na kifuniko.

Alhamisi, 5 Juni

Nakuwa kiziwi. Hakuna maelezo mengine. Babu mzaa mama alianza hivi hivi, mwisho akawa anaiangalia redio tu badala ya kuisikiliza.

Siwezi kumwambia mke wangu. Tangu tuoane ananiomba nipunguze sauti. Mpango: Bosi nimwambie jino, mke nimwambie kazi, niende kliniki ya masikio kimyakimya. Mpango safi. Ukaenda vizuri hadi nilipojiandikisha dirishani na kutaja sikio.

Kwenye benchi la kungojea alikuwa amekaa mama mkwe.

Yeye alikuja na jirani yake mzee. Akaniuliza mimi nimekuja na nani. Nikasema nimekuja kikazi, kutazama kuta, wanataka kupaka upya. Akatazama kuta. Nami nikatazama kuta. Nikagonga mmoja kwa kidole kama daktari agongavyo kifua cha mgonjwa. Akauliza nitapaka rangi gani. Nikasema ya maziwa. Hapo nesi akatoka, akaita kwa sauti ya sokoni yule baba wa sikio la kushoto linalovuma, akaja kunishika mkono. Akasema daktari yuko chumba cha upasuaji, nije kesho asubuhi.

Mama mkwe alinipigapiga mkono tu, taratibu, kama unavyomfanyia mtoto anayeungua homa. Afadhali angenicheka.

Jioni sikupiga santuri yoyote. Mke wangu akauliza kama umeme umekatika. Nikazitazama albamu zangu pale kwenye rafu, nikajiuliza ipi ningependa iwe ya mwisho kuisikia, nikashindwa kuchagua. Nikaenda kukaa jikoni. Alikuwa anakata vitunguu. Sikuwahi kujua kwamba anakata kwa mapigo saba, sio manne. Nimeishi na mwanamuziki na sikujua. Akaniuliza mbona macho yana machozi. Nikasingizia vitunguu.

Ijumaa, 6 Juni

Daktari ni dada mdogo mdogo, mpole, mwenye taa kwenye paji la uso. Akachungulia. Akasogeza taa. Moyo wangu ukawa unapiga kama ngoma za upande wa pili. Akauliza huwa naingiza nini sikioni. Nikataja vijiti vya pamba, njiti za kiberiti, kofia ya kalamu. Nikasita, nikataja na ufunguo wa baiskeli.

Akasema, “Baba, huwi kiziwi. Umeishindilia nta mwenyewe mpaka ndani. Kaa utulie.”

Maji ya vuguvugu. Kitu kikachomoka ambacho sitakieleza hapa. Kisha dunia ikafunguka! Kiti chake kikalia. Karatasi ikalia. Nje mtu alikuwa anafagia, nikasikia kila unyasi wa fagio. Mvumo umekwisha, kama umezimwa kwa swichi. Nikamshukuru daktari mpaka akaniomba nitoke, kuna wengine. Nikampa mlinzi mkono. Nikampa mkono mtu aliyekuwa anamsubiri mlinzi.

Nikakimbilia nyumbani, nikaweka Ngazi Bila Nyumba. Ngoma zikanyamaza. Kinanda kikabaki peke yake, kisafi kama maji.

Hakuna mvumo. Na kesho nina kipindi cha kuuthibitisha.

Jumamosi, 7 Juni

Nilifikiria mafua. Mke wangu alikuwa amekwisha piga pasi shati. Nilifikiria kusema ukweli. Nikafikiria kitu kingine haraka.

Bafuni kulikuwa na mashine ya kunyolea, ya betri. Nikaitia mfuko wa koti. Ikifika sehemu ile naibonyeza kidogo tu, mikrofoni inadaka, shemeji anakoma.

Studio ni chumba kidogo, kuta zimevikwa magodoro. Mtangazaji akatutambulisha. Nikazungumza vizuri sana, nikataja ukungu, ngazi na upweke wa mwanadamu. Shemeji akasema yeye haoni ubaya wa kiitikio. Santuri ikafika sehemu ile. Ngoma zikanyamaza. Nikabonyeza.

Haikuwa sauti nyembamba. Ilikuwa pikipiki inapanda mlima. Fundi mitambo akaruka, akaanza kuchomoa nyaya, akaingia chini ya meza. Mtangazaji akavua vifaa vya masikioni, akatazama dari. Nikawa natafuta swichi ya kuzimia, siioni. Shemeji akatazama mfuko wangu. Ulikuwa unatetemeka na koti lote. Akanitazama usoni. Nikajua nimekwisha.

Akaisogelea mikrofoni.

“Nausikia,” akasema. “Shemeji alikuwa sahihi. Uko kushoto.”

Mtangazaji akaingiza tangazo. Nikaipata swichi.

Nje nilitaka kumweleza, akanikata. Mama yao alimpigia simu tangu Alhamisi, akampigia na dada yake, mke wangu. Nyumba nzima ilijua nakuwa kiziwi. Dada yake hakupata usingizi siku mbili, alikuwa anangoja niseme mwenyewe.

“Usikie, usisikie, wewe ni wetu,” akasema. “Lakini hiyo mashine ni yangu. Niliisahau kwenu.”

Nikamwambia ilikuwa nta. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, nikakaa hapo hapo kwenye ngazi za studio. Mke wangu alikuwa getini. Alikuja upande wangu wa kushoto, akanong'ona, “Unanisikia?”

Nikasema namsikia.

“Basi punguza sauti nyumbani.” Kisha akanishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika kwetu.

Mtangazaji amepiga simu jioni. Wasikilizaji wamefurahi. Anatutaka sote wawili, kila Jumamosi.

Jumapili, 8 Juni

Nimelala fofofo, nimeamka nimetulia, nimetafakari. Shemeji alitamka hewani kwamba mvumo upo. Hewani! Mpiga besi mzima hawezi kudanganya hewani. Kwa hiyo mvumo ulikuwepo. Daktari yule, kwa nia njema, aliutoa pamoja na nta.

Lakini sikio jipya ni jipya. Asubuhi nimeweka albamu ya kwanza ya Samaki wa Chuma, ile waliyoirekodi mimi nikiwa bado mtoto. Katikati, upande wa kulia, nimesikia pigo. Ko. Ko ko. Ko. Halifuati ngoma, halifuati chochote. Hakuna mchambuzi aliyewahi kulitaja. Nikamwita mke wangu asikie. Amesema ni jirani anapigilia msumari, anatundika picha. Masikini. Nimekwisha mtumia Mtangazaji ujumbe.

Sasa jirani amenyamaza. Na pigo nalo limenyamaza, saa ile ile, sawia. Bendi imeweza kumalizia pamoja na msumari wake, miaka mingi kabla hajahamia hapa. Huo ndio ukubwa wa Samaki wa Chuma.