Mbuzi wa Daktari Mutwiri

Mutwiri alipomwona bibi mzee Beth akihesabu vidonge vyake pale sokoni Karurumo, moyo ulimruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Mgonjwa, kwake, alikuwa shamba lisilo na ua. Akanyoosha koti lake jeupe, koti la mchinjaji lililofuliwa likatakata.

"Shosho, hiyo ya nini?"

"Ya damu. Iliganda mguuni. Ikifika kwa mapafu, nimeenda."

"Na wewe unameza sumu ya panya! Tazama."

Mezani pake palikuwa na beseni mbili za damu ya mbuzi. Moja imeganda kama ini. Nyingine, iliyokingwa sasa hivi, akaitilia dawa yake ya mizizi, akakoroga kwa mwiko, akakoroga; ikatiririka. Watu waliitazama dawa. Mwiko haukutazamwa na mtu. Beth akatoa vidonge vyake, akapewa chupa ya dawa ile, na Mutwiri akavitia mfukoni avipeleke kwa wateja wa Gachoka. Huruma ya daktari, jamani!

Wifi yake Beth, Gladwell, mpishi wa mutura, ile soseji ya damu na utumbo, akaja mbio huku akitabasamu.

"Daktari, kina mama wa kanisa letu wote damu nzito! Njoo kwangu jioni, kabla ya saa ya kidonge cha Beth. Leta mbuzi utuonyeshe. Na hivyo vidonge pia, tuone hospitali ilivyomdanganya."

Kanisa zima! Mutwiri akanunua beberu mnono.

Jioni mbuzi akachinjwa, damu ikakingwa kwa beseni mbili. Mutwiri akamimina dawa kwa yake, akatafuta mwiko. Gladwell alikuwa nao, anakoroga ile nyingine, isiyo na dawa hata tone.

"Naomba mwiko, mama."

"Wa nini? Si dawa ndiyo inafanya kazi? Tuimbe kwanza."

Wimbo ulipoisha, beseni ya daktari ilikuwa ini tupu. Ya Gladwell ilitiririka.

"Kitendawili!" Gladwell akaita.

"Tega!"

"Akitembea ni maji, akikaa ni jiwe."

"Damu!" wakajibu wote, isipokuwa mtaalamu.

Gladwell akaingiza mkono kwa mfuko wa koti la Mutwiri, akamrudishia Beth vidonge. "Hivi havigeuzi damu maji. Vinaizuia tu isigande ovyo ndani yako. Ndiyo maana huruki hata kimoja, wala huongezi, mpaka kliniki waseme. Meza."

Beth akameza.

"Na mbuzi wangu?" Mutwiri akauliza kwa sauti ya kitoto.

"Si alikuwa wa maonyesho? Tumeona."

Mutura ikapikwa, ikanukia mpaka barabarani. Hawakumnyima mgeni: walimfungashia beseni yake, iliyoganda, na dawa ndani.