Barua Tatu kwa Wiki

Jumatatu, 3 Novemba 2003

Leo nimemkomesha Thadei! Wiki iliyopita peke yake kaandika barua thelathini na nane kwenye kundi letu la intaneti la Watanzania wa London. Karibu zote ananisahihisha mimi, msimamizi. Kuanzia leo kila mwanachama ana barua tatu tu kwa wiki. Cosmas, fundi wetu wa kompyuta, ameutega mtambo: ya nne haipiti. Nilimwambia asibague mtu, hata mimi. Nilitaka nionekane muungwana.

Jumanne, 4 Novemba

Barua ya kwanza nilitangaza sheria. Ya pili nilisahihisha tarehe niliyokosea. Thadei akauliza kwa upole kama masahihisho nayo yanahesabiwa. Kwa upole! Nikamjibu aya kumi na moja. Ndiyo ya tatu hiyo. Mpaka Jumatatu mimi bubu, yeye bado anazo mbili.

Alhamisi, 6 Novemba

Mama mkubwa amefariki, Mbinga. Ndiye aliyenilea. Simu ilinikuta kazini Harrow, nikaenda kulia stoo kisha nikamalizia shifti.

Msiba hauna kadi za mwaliko. Unatangazwa kwenye kundi, watu wanakuja. Nikaandika tangazo. Limekataliwa. Nikarudia mara sita. Cosmas yuko Leeds harusini, simu kaizima. Namba za watu sina, tulishazoea kundi. Irene, mke wangu, akasema ya Thadei tunayo, tumpigie. Nikasema heri nilie peke yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Sebule yetu ya Wembley. Viti kumi na vinne vya kuazima, birika kubwa la chai, mimi na Irene. Hakuna aliyebisha hodi. Mama mkubwa hakukosa msiba wa mtu hata mmoja pale kijijini, na yeye analiliwa na watu wawili. Roho inaniuma sana.

Jumapili, 9 Novemba

Jana na leo watu wamejaa mpaka kwenye ngazi! Kumbe Irene alimpigia Thadei kwa siri, naye akatutangazia. Alifika wa kwanza. Kaosha vyombo vyote. Aliponikumbatia nililia begani kwake kama mtoto.

Wameondoka sasa hivi. Nimefungua kompyuta. Chini ya tangazo la Thadei, watu sitini na saba wameandika pole. Mimi tangu nianze usimamizi sijapata majibu zaidi ya manne. Sitini na saba! Na marehemu ni mama mkubwa wangu mimi!

Nimempata Cosmas. Kuanzia kesho ni barua moja kwa wiki, na ni marufuku kutangaza msiba usio wako.