Mistari Minane ya Foklifti

Jumatatu, 8 Septemba
Kuanzia Port Reitz hadi Kipevu hakuna mtu mwenye kasi kama mimi Ronny. Kinachonichelewesha ni kuanza tu. Leo Mzee Suleiman, bawabu wa yadi ya makontena, kanipa fomu ya mafunzo ya foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo. Nafasi mbili, fomu mbili. Ya pili kampa Kanze, jirani yetu muuza mahamri. Mwisho Ijumaa adhuhuri. Mzee kaniomba nisimwaibishe, jina langu kashalitaja kwa bosi. Fomu yenyewe mistari minane. Naimaliza kabla chai haijapoa.
Chai imepoa. Kesho basi, kwa kalamu nzuri.

Jumanne, 9 Septemba
Kalamu nimepata. Nyeusi, kama ya wakili. Nimeijaribu kwa sahihi, kurasa tatu. Sahihi ya dereva wa foklifti lazima iwe na mkia. Mkono umechoka.
Kanze kajaza yake mbele ya karai. Anaandika mstari, anageuza mahamri, anaandika mwingine. Nikamwambia fomu ina alama ya dole la unga. Akasema unga haujamnyima mtu kazi. Yule dada ni mashine, lazima nikiri.

Jumatano, 10 Septemba
Nimemuuliza Kanze siri yake. Utafiti tu. Akasema kila alfajiri hataki kuamka, kwa hiyo hajiambii akapike mahamri mia mbili. Anajiambia akawashe jiko. Jiko likishawaka, anaona haya kulizima. Akili gani hiyo, na hata haringi nayo. Mimi ningeringa.
Kisha akanikazia macho. Akasema siahirishi fomu, naahirisha kitu kimoja ndani ya fomu. Akauliza ni mstari gani. Nikamwagiza mahamri mawili na mbaazi.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimefuata mbinu ya Kanze, kuanza na kidogo. Kidogo changu ni kuilinda fomu. Mama kashaiwekea sufuria juu mara moja. Na kwetu karatasi yoyote ya maana hutiwa laminesheni, ile plastiki ngumu ya kufunika: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, hata picha ya marehemu babu. Nikaipeleka kwa fundi wa laminesheni. Fundi akauliza mara mbili kama nina hakika, mbona fomu tupu. Nikamwambia afanye kazi yake, sisi wakubwa tunajua.
Inang'aa kama leseni. Nimelala mchana kujipongeza.

Ijumaa, 12 Septemba
Kalamu haishiki. Wino unateleza mistari yote minane.
Saa tano nikafika getini, shikamoo yenye heshima zote. Mzee Suleiman akaitikia marahaba, akaigeuza fomu, akauona uso wake ndani. Akauliza, mwanangu, hii fomu au kioo. Hakucheka, wallahi. Ndilo lililoniuma.
Nyuma yake nikamwona Kanze, kofia ya njano kichwani. Alipeleka yake Jumatano, kashaitwa. Imempendeza kuliko ambavyo ingenipendeza mimi, na mimi si mtu wa kusema hivyo.

Jumapili, 14 Septemba
Kanze kaniletea fomu mpya. Kambembeleza Mzee, Mzee kambembeleza bosi, nafasi yangu itangoja hadi kesho saa tatu asubuhi. Kasema niandike jina tu.
Nimeandika jina. Haya ikanishika, nikaendelea na mtaa, simu, hadi mstari wa saba. Mkia wa sahihi umetoka safi. Wa nane kesho, nikishakunywa chai.
Daftari hili halisomwi na mtu, basi niseme. Mstari wa nane unauliza nilisoma hadi wapi. Kanze pale kaandika darasa la nane, akaweka na dole la unga juu. Mimi mtaa mzima nimewaambia nilimaliza kidato cha nne. Niliishia cha pili. Na fundi aliponiuliza kama nina hakika, nilijua vizuri kabisa kwamba kalamu haitashika.