Kurejea kwa Hafiz Kwenye Sinia

Sogeeni, enyi mlioswali Magharibi na mnaosubiri Isha. Baada ya kumtaja Mola aliyetupa mikono miwili na kuupa kila mmoja kazi yake, na baada ya kumsalia Mtume wake, nitawahadithia vita vilivyopiganwa barazani kwa chuo chetu hapa Wawi, juu ya sinia moja la wali, baina ya Hafiz bin Shaame wa Kengeja na mkono wake mwenyewe.

Hafiz alikuwa ametoka Ujerumani, alikopelekwa kusoma mwaka mzima. Mzoefu wa Theluji, Mpanda Treni Zisizochelewa, alirudi kwetu sisi wa masomo ya jioni amevaa koti katika joto la kuyeyusha samli, na kila sentensi yake ikaanza na neno kule. Kule mwalimu huitwa kwa jina lake tupu. Kule hakuna anayekuuliza umeshindaje. Kule, alisema siku feni ya darasa ilipokata roho, angeitwa fundi. Tukamwonesha Soud, fundi umeme, mwanafunzi mwenzetu, aliyekuwa amekaa chini ya feni hiyo hiyo akijipepea. Ndiye aliyeifunga.

Sasa jueni desturi yetu. Baada ya Magharibi tunakula sinia moja, kila mmoja na alicholeta, na vidole vikishalambwa tunasomeshana papo hapo. Asiyekula hapo hasomeshwi hapo. Hakuna aliyeiweka sheria hiyo, wala hakuna aliyewahi kuivunja. Na Hafiz, pamoja na mambo yote makubwa aliyoyasoma kule, Takwimu yetu hakuisoma, na mtihani ulikuwa wiki inayofuata. Akianguka, anarudia mwaka.

Jioni ya kwanza shujaa alikaa nasi, akapiga bismillahi, akautia ndani ya wali mkono wa kushoto.

 Bi Mwanawema, Malkia wa Sinia, mjane wa Konde aliyeanza chuo baada ya wajukuu zake kuanza skuli, aliliweka chini tonge lake.

"Mwanangu Hafiz," akasema, "mkono huo mie naujua. Nimelea nao, nimetawaza nao watoto wangu wote. Heshima yake ipo. Lakini si kwenye wali."

"Samahani, Bi. Kule uma hushikwa kushoto. Mkono umezoea."

"Basi uambie ushafika Pemba," akasema Soud. "Au na wenyewe unangoja viza?"

Tulicheka sana. Hafiz hakucheka. Kesho yake alikuja na sahani yake ya plastiki na uma wake, akakaa peke yake kwenye ngazi, mgongo ameunyoosha kama balozi. Nasi, tuliotoka kuswali naye safu moja, bega kwa bega, tukamwacha huko na tukamsengenya mpaka Isha, Mola atusamehe. Tulipofungua Takwimu alirefusha shingo. Hakuna aliyemsogelea.

Ikafika Alhamisi, siku ya ushindi. Hafiz aliuficha uma mkobani, akanawa, akaja mpaka kwenye sinia, na kwa hila ambayo majemadari wa zamani wangeionea wivu, akaukalia mkono wa kushoto kama askari anayemkalia mateka.

Akashambulia kwa kulia. Wali ulikuwa wa moto, vidole vimesahau. Tonge la kwanza lilivunjika njiani na jeshi lake likatawanyika juu ya koti. Akalivua koti, akaukalia tena mateka wake. Tonge la pili lilifika kidevuni, likarudi. Mchuzi ukateremka mpaka kwenye kiwiko.

"Mpeni kijiko huyu," akasema Soud, "asije akatufia chuoni."

Shujaa akainua uso, jasho likimtiririka, akahutubu: "Soud, usinipe kijiko. Wali ulioanguka ni wangu, nitauokota. Nimekula mwaka mzima kwenye meza safi, nikitazamana na ukuta. Niacheni nichafuke."

Soud akasogea, akampa nafasi, jambo ambalo nalo lastahili kuandikwa.

Hapo Hafiz akakusanya wali pembezoni, akaufinya taratibu, akauzungusha, akaupa kidole gumba kazi yake ya zamani. Tonge likapanda. Likapita kidevu. Likaingia, na mdomo ukafungwa nyuma yake kama lango la ngome.

Bi Mwanawema akamega mgongo wa changu, mnofu mtupu, akauweka upande wa Hafiz.

"Kula samaki, mwanangu. Kesho ndimu juu yako. Na huo mkono uliousulubu uachie, utakufa ganzi. Tukimaliza hapa utashikia karatasi, maana tutaanza na wastani."

Basi wenye kuandika tarehe za watu wakubwa waandike na hii: kwamba Alhamisi hiyo, mbele ya mashahidi wenye vidole vya mchuzi, Hafiz bin Shaame wa Kengeja alikula kwa mkono wa kulia akashiba, na kabla ya adhana ya Isha, kwa uwezo wake Mola, akaujua wastani.