Lalamiko Kuhusu Toleo la Kumi na Moja na Ndoa Yangu ya Miaka Kumi na Tisa

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Kampuni ya Programu ya Sataranji.

YAH: TOLEO LENU JIPYA HALINA NGUVU ZAIDI, LINA MDOMO ZAIDI

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wataalamu wako wote, hasa yule aliyeandika kwenye tangazo kwamba toleo la kumi na moja lina nguvu kuliko yote yaliyotangulia. Huyo naomba asomewe barua hii akiwa amekaa.

Mimi ni fundi wa miwani, na nimekuwa mteja wenu tangu toleo la tano. Kazi yangu ni kumwekea mtu lenzi mbili, moja baada ya nyingine, na kumuuliza ipi inaonyesha vizuri zaidi. Wengi hujibu kwamba zote sawa, halafu wananunua ile mpya. Kwa hiyo habari ya kitu kipya kuitwa bora msinifundishe, ndiyo inayonilisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kabla hajawa baba mkwe wangu, baba mkwe wangu, dereva wa treni ambaye wenzake walimwita Breki, alitangaza kwamba hamwozi binti yake kwa mwanamume asiyeweza kumfunga sataranji hata mara moja. Nilifungwa Jumapili kumi na nne mfululizo. Jumapili ya kumi na tano, hatua ya ishirini na saba, nilimsogeza malkia wangu mbele ya ngome yake aliwe. Akamla. Hatua nne baadaye mfalme wake hakuwa na pa kukimbilia, na mimi nikapata mke. Mchezo huo niliuandika kwa mkono, nikautia fremu, na umetundikwa dukani kando ya ubao wa herufi. Mteja anayeweza kusoma hatua ya ishirini na saba akiwa kwenye kiti namwambia aende nyumbani, macho yake ni mazima.

2. Toleo la tano liliipa hatua hiyo alama mbili za mshangao, yaani hatua ya ajabu. La saba likaipa moja. La tisa likanyamaza. La kumi na moja limeipa alama mbili za kuuliza, yaani kosa kubwa, na kudai kwamba kama malkia angeachwa bila kuliwa, mfalme wa Breki akasogezwa kidogo tu pembeni, ningekuwa nimekwisha. Ndugu Mkurugenzi, malkia yule hajasogea tangu siku ile. Waliobadilika ni ninyi.

3. Sikukurupuka, nilipima. Nilicheza michezo kumi na toleo la tano, na kumi na la kumi na moja. Nilifungwa yote ishirini. La tano lilinimaliza kwa wastani wa hatua thelathini na moja, la kumi na moja kwa thelathini na sita. Maana yake hilo lenye nguvu linahitaji hatua tano zaidi kumfunga mtu yuleyule. Jirani yangu, mwalimu wa hesabu, anadai kwamba mimi si kipimo, kwa kuwa mzani wa vitunguu hauwezi kusema kati ya malori mawili lipi ni zito. Nimeacha kumsalimia.

4. Ili kumziba mdomo, niliyapambanisha matoleo yenyewe kwa yenyewe. Kompyuta moja niliiweka kaunta, nyingine chumba cha kupimia, na mimi katikati nikibeba hatua kutoka huku kwenda kule. Michezo arobaini, wiki tatu. Bibi mmoja alikaa na kidevu chake juu ya mashine ya kupimia macho kwa dakika ishirini akisubiri sare itangazwe. Matokeo: sare thelathini na saba, toleo jipya likashinda tatu. Kati ya hizo tatu, moja nakiri huenda nilibeba hatua vibaya. Zinabaki mbili. Nikimuuzia mtu miwani inayomsaidia mara mbili katika arobaini, atanirushia usoni.

5. Sasa madhara. Baba mkwe amestaafu, muda anao, na shemeji yangu amemwekea toleo lenu kwenye simu. Jumapili iliyopita aliingia dukani na karatasi aliyoichapisha akaibandika kwa gundi chini ya fremu yangu, alama za kuuliza zikiwa zimekolezwa kwa wino mwekundu, wateja watatu wakitazama. Kisha akasema kwa utulivu wake ule wa dereva kwamba, kwa kuwa mchezo ulikuwa na kasoro, ndoa nayo imesimamishwa hadi uchunguzi ukamilike. Nilitegemea mke wangu amkemee. Badala yake alifunga begi dogo, akasema alikuwa anahitaji kupumzika hata hivyo, akaondoka naye. Leo ni siku ya sita. Nyumba imenipwaya. Si jambo la kuiambia kampuni ya programu, lakini ninamkumbuka sana mke wangu.

6. Nimepiga hesabu ya mwendo wenu. Toleo la kumi na tatu litagundua kwamba hata hatua yangu ya kwanza ilikuwa mbovu. La kumi na tano litasema sikupaswa kukaa mezani. Kufikia la kumi na saba, binti zangu wawili watatangazwa kuwa matokeo ya kosa. Mkubwa ni mkorofi, sikatai, ila hilo ni la kusemwa na mama yake, si na mashine.

Kwa hiyo naomba cheti chenye muhuri, kinachoeleza kwamba mchezo uliochezwa kabla ya toleo kuzaliwa hauwezi kuhukumiwa nalo. Ikishindikana, ongezeni alama mpya kwa hatua iliyo mbovu lakini yenye nia njema. Vilevile naomba toleo hili lipunguzwe nguvu, hizo ambazo halina.

Wasalimie wote hapo ofisini, mapokezi, walinzi, wahasibu, na yule wa tangazo nikishamaliza kumkasirikia.

Mteja wenu mtiifu hadi toleo la kumi,
Fundi wa Miwani

Nyongeza baada ya kutia sahihi: Mke wangu amepita dukani kuchukua miwani yake ya kusomea, na ameijaribu kwenye barua hii. Amecheka hadi akakaa kwenye kiti cha wateja. Anasema asubuhi ya Jumapili ile ya kumi na tano alimwambia baba yake kwamba akinifunga tena, yeye haolewi na mwingine yeyote, na watazeeka pamoja humo ndani. Mchana alisimama nyuma yangu. Aliona mkono wa baba yake ukimwendea mfalme, ukasimama hewani, mzee akainua macho kumtazama binti yake, kisha mkono ukaenda kwenye ngome. Mimi, fundi wa miwani, sikuona kitu; nilikuwa namtazama malkia wangu.

Uchunguzi wa ndoa ulikuwa utani wa mzee. Kilichomchosha ni fremu. Miaka kumi na tisa amekuja kupimwa macho kwangu, na kila mara nimemsomesha kushindwa kwake kwa sauti, na hakusema neno. Nimeona aibu hadi masikio yamewaka. Malalamiko namba moja hadi sita yafuteni. Toleo la kumi na moja lina nguvu kweli: limemfikia Breki.

Mke wangu anarudi Jumapili, na baba yake atamsindikiza. Nimempigia mzee simu nikamwomba tucheze tena, safari hii bila kunionea huruma. Amekubali, kwa sharti kwamba binti yake asiwepo chumbani.